Rutuba ya Udongo na Ubora wa Protini ya Nafaka: Maelezo kwa Walaji wa Mtwara na Bonde la Ruvuma

Katika mikutano ya elimu kwa walaji, kuanzia Mikindani hadi vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma, swali moja hurudi kwa sura mbalimbali. Wapo wanaouliza kama mahindi yaliyokuzwa kwa mbolea ya viwandani yana lishe pungufu kuliko mahindi ya shamba lisilotiwa kitu. Wengine huuliza kinyume chake: ikiwa mbolea huunawirisha mmea, je, haiwezi pia kuongeza protini ndani ya punje, hata mama mwenye mtoto aliyeachishwa ziwa akapata katika sembe kile anachokikosa katika samaki? Wapo pia wafanyabiashara wanaolijibu swali hili kabla halijaulizwa, kwa kupandisha bei ya gunia "la bondeni" au gunia "la asili" wakidai kuwa lina nguvu zaidi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Udongo hubadilisha kiasi cha protini katika nafaka, na kwa sehemu hubadilisha hata ubora wake. Hata hivyo, hakuna mbolea inayoweza kuifanya nafaka itoshe peke yake kumkuza mtoto. Jambo hili si dogo katika nchi ambayo utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, yakiwamo maradhi na maji machafu, lakini bakuli la uji ni mojawapo, na hilo ndilo lililo mikononi mwa mlaji.

Kiasi na ubora si kitu kimoja

Protini ya chakula hujengwa kwa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, vipatavyo 20. Tisa kati ya hivyo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea, hivyo ni lazima vitoke katika chakula, tena kwa uwiano unaofaa. Fundi anayeezeka nyumba akiwa na makuti mia tatu na kamba za kufungia makuti mia tu, ataezeka makuti mia. Yaliyobaki yatalala uani. Vivyo hivyo, asidi amino iliyo haba kuliko nyingine ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha protini mwili utaweza kukitumia kwa ujenzi. Inayobaki huchomwa kama kuni.

Katika nafaka zote zinazoliwa pwani yetu, kamba iliyo haba ni asidi amino iitwayo laisini. Kila gramu 100 za protini ya mahindi huwa na gramu 3 za laisini au pungufu kidogo. Mtama una takribani gramu 2, na mchele una gramu 3.5 hivi au zaidi kidogo. Kwa mujibu wa viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2007, mtu mzima huhitaji protini yenye gramu 4.5 za laisini katika kila gramu 100, na mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji gramu 5.2. Muhogo hatuutaji hapa kwa sababu protini yake ni chache mno kiasi kwamba mjadala wa ubora hauna maana. Ugali wa muhogo hutoa nguvu, na karibu kila kitu kingine sharti kitoke katika kitoweo.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1914, watafiti wawili wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, waliwalisha panya protini moja tu ya mahindi, iitwayo zeini. Panya walikonda, ingawa walikula protini kwa wingi. Walipoongezewa asidi amino mbili zinazokosekana katika zeini, yaani triptofani na laisini, walianza kukua. Kiasi kilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni ubora.

Mmea unafanya nini na naitrojeni

Naitrojeni ndiyo malighafi kuu ya protini katika mmea. Mahindi yakiikosa hugeuka manjano kuanzia majani ya chini na kuzaa magunzi membamba. Mkulima akiweka mbolea ya kukuzia, naitrojeni ya mwanzo huenda zaidi katika kuongeza mavuno: mmea hutoa punje nyingi na kubwa, na pengine asilimia ya protini katika punje isipande kabisa, kwa kuwa protini iliyoongezeka imetandazwa katika wanga mwingi zaidi. Naitrojeni ikizidi pale, hasa ikiwekwa karibu na wakati wa kutoa mbelewele, ndipo protini ya punje hupanda.

Swali ni protini gani inayopanda. Punje ya mahindi ina sehemu mbili zinazotuhusu: kiini kidogo ambacho ndicho mche wa kesho, na sehemu kubwa ya wanga inayokizunguka. Protini ya kiini ni ya kazi na ina laisini ya kutosha. Zeini, iliyo katika sehemu ya wanga, ni ghala ambamo mmea huweka naitrojeni kwa ajili ya siku za kuota. Mmea unapopata naitrojeni ya ziada, hauongezi sana kiini, huongeza ghala. Na zeini karibu haina laisini kabisa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gramu 100 za mahindi yenye protini gramu 9, iliyo na laisini asilimia 2.8, zinampa mlaji laisini gramu 0.25. Mahindi hayo yakikuzwa kwa naitrojeni nyingi hadi protini ikafikia gramu 10.5, huku laisini ikishuka hadi asilimia 2.6 ya protini hiyo, mlaji anapata gramu 0.27. Protini imeongezeka kwa gramu moja na nusu, laisini kwa gramu 0.02. Mlaji hakudhurika, wala hakupata hasara. Ila yule aliyemuuzia kwa bei ya juu akidai kuwa protini imeongezeka amemuuzia makuti bila kamba.

Kwa hiyo anayesema mahindi ya mbolea "hayana lishe" anakosea, na anayesema mbolea ndiyo lishe anakosea pia. Faida kubwa ya naitrojeni kwa familia ni kwamba debe moja lililovunwa linakuwa matatu. Hilo lina thamani yake, nasi hatuna sababu ya kulipamba kwa jingine lisilokuwapo.

Mpunga hutofautiana kidogo. Ghala lake la protini halikujengwa kwa jamii ya zeini bali kwa protini nyingine yenye laisini zaidi, hivyo naitrojeni inapoongeza protini ya mchele, ubora haushuki sana. Mkulima wa mpunga wa Kitaya au Mahurunga ana tatizo lingine: naitrojeni inayomwagwa juu ya maji yaliyosimama hupotea hewani kwa wingi kabla mmea haujaifikia, na udongo wa majaruba huwa na tabia ya kuikamata zinki. Mchele wa bondeni unaweza kuwa mtamu na wenye harufu nzuri, lakini harufu si kipimo cha protini.

Mchanga wetu, na habari ya salfa

Udongo wa pwani ya Mtwara na wa uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa ni mchanga. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika udongo wenye mboji kidogo mvua hiyo hushusha virutubishi chini ya mizizi. Naitrojeni hupotea hivyo, na salfa nayo hupotea hivyo hivyo.

Salfa inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo kirutubishi cha udongo chenye uhusiano wa moja kwa moja na ubora wa protini. Asidi amino mbili, methionini na sisteini, haziwezi kuundwa bila salfa. Mmea uliopewa naitrojeni nyingi huku salfa ikiwa haba hauachi kutengeneza punje. Hutengeneza punje yenye protini pungufu ya asidi amino hizo mbili, na naitrojeni iliyozidi hubaki imelundikana bila kuwa protini kamili. Hasara hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nafaka na kunde zinapoliwa pamoja, kunde huleta laisini, na nafaka ndiyo inayotegemewa kuleta methionini. Nafaka iliyokuzwa bila salfa hushindwa hata katika kazi hiyo yake.

Hapa Mtwara neno salfa linafahamika kwa kila mwenye mkorosho. Ni unga wa manjano unaopulizwa juu ya maua kudhibiti ubwiriunga. Sehemu yake huanguka chini, na bakteria wa udongo huibadilisha kuwa salfeti, ambayo mizizi inaweza kuifyonza. Je, basi, mahindi yanayolimwa kati ya mikorosho yamekwisha kupata mbolea ya bure? Kwa upande wa salfa pekee, huenda. Lakini mabadiliko hayo ya bakteria huzalisha pia asidi, na uchunguzi uliofanyika kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa upulizaji wa salfa huongeza asidi ya udongo mashambani. Katika udongo wenye asidi kali, madini ya alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, fosforasi hufungwa, na mahindi hudumaa hata yakiwekewa mbolea gani. Kwa sababu hiyo hatushauri mtu yeyote kumwaga salfa ya mikorosho katika shamba la mahindi au mtama kama mbolea. Hiyo ni kiuatilifu, na imeruhusiwa kwa kazi hiyo.

Anayehitaji salfa kwa nafaka ataipata katika mbolea zilizosajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, nayo imeandikwa juu ya mfuko. Mfuko wa urea husomeka naitrojeni asilimia 46 na hauna salfa. Mfuko wa salfeti ya amonia, maarufu kwa jina la SA, una naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Lakini nayo huongeza asidi ikitumika mwaka baada ya mwaka, hivyo ni vyema udongo ukapimwa kwanza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele hakiko mbali na Mtwara Mjini, na maofisa ugani wa kata hueleza jinsi ya kuchukua sampuli.

(Tuongeze kwa pembeni: naitrojeni ya urea hunaswa kutoka hewani kwa kutumia gesi asilia, na gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa hapa hapa Msimbati mwaka 1982. Tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme.)

Kuhusu virutubishi vingine tutasema machache. Fosforasi huimarisha mizizi na mavuno, lakini sehemu kubwa ya ile inayoingia katika punje huhifadhiwa kama fiteti, ambayo hufunga zinki na chuma tumboni. Kuloweka na kuchachusha huipunguza. Zinki yenyewe hutegemea sana mahali: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 juu ya nafaka za Ethiopia na Malawi ulionyesha kuwa zinki, chuma na selenia katika punje hutofautiana kutoka eneo hadi eneo kwa sababu ya udongo na mazingira. Mlaji asidhani kuwa gunia la jirani na gunia la wilaya ya tatu ni kitu kimoja kwa kuwa yote ni meupe.

Namba iliyo kwenye pakiti

Pakiti ya unga inaposema "protini gramu 9", namba hiyo imepatikanaje? Kwa kawaida maabara haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini huwa na naitrojeni ipatayo asilimia 16. Njia hii ilitungwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen, alipokuwa akichunguza shayiri. Ni njia nzuri, nasi tunaitumia, lakini haiwezi kutofautisha naitrojeni ya kiini na naitrojeni ya ghala. Haiwezi hata kutofautisha protini na kitu kisicho protini. Mwaka 2008, nchini China, wahalifu walitia melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, katika maziwa ili kipimo kionyeshe protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na sita walifariki.

Hatusemi haya kumtisha mnunuzi wa sembe. Tunasema ili ajue kwamba kati ya pakiti mbili za unga wa mahindi, ile inayoonyesha gramu 9.5 si bora kuliko inayoonyesha gramu 9. Tofauti hiyo ni ya shamba na msimu, na haistahili hata shilingi mia ya ziada. Aidha, maneno kuwa unga umeongezwa virutubishi yanahusu madini na vitamini kama chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Ni vitu vyenye faida, lakini havihusiani na protini.

Kinachobadilisha protini zaidi ya udongo ni mashine. Mahindi yanapokobolewa, kiini huondoka pamoja na pumba, na ndani ya kiini ndimo ilimo sehemu bora ya protini. Mtu anaweza kulima kwa uangalifu, akaweka mbolea kwa wakati, kisha akaacha laisini yake kinuni au kwenye mashine kwa ajili ya mifugo ya jirani. Dona hubakiza kiini. Kasoro yake ni mafuta ya kiini kuchacha mapema, hivyo isagwe ya wiki mbili tatu, si ya msimu mzima. Kwa mtama kuna jambo la ziada: protini yake hukazana inapopikwa kwa maji na kuwa ngumu kumeng'enywa. Uji wa mtama uliochachushwa, au togwa iliyotengenezwa kwa kimea, humfaa mlaji zaidi kuliko uji wa papo kwa papo.

Kunde shambani, kunde chunguni

Mimea ya jamii ya mikunde hufanya kazi mara mbili. Katika vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewa, na majani na mizizi inapooza shambani, sehemu ya naitrojeni hiyo huifikia nafaka ya msimu unaofuata. Halafu punje zake zina laisini mara mbili ya mahindi au zaidi. Kunde, mbaazi na choroko zina protini kati ya asilimia 20 na 25, na katika kila gramu 100 za protini hiyo kuna laisini zipatazo gramu 6 hadi 7.

Turudi kwenye hesabu. Gramu 70 za unga wa mahindi pamoja na gramu 30 za kunde kavu hutoa protini gramu 13 na kidogo, yenye laisini karibu asilimia 4.8. Mtu mzima ametosheka. Mtoto mdogo bado yuko chini kidogo ya kipimo chake, na ndiyo sababu tunashauri uji au ugali wake uongezwe dagaa waliosagwa, kipande cha ng'onda kilichochambuliwa miiba na kutolewa chumvi, au yai pale linapopatikana. Kwa vipimo vya jikoni, mchanganyiko huo ni vikombe vitatu vya unga kwa kikombe kimoja cha kunde. Hakuna mbolea iliyopata kuleta badiliko kama hilo. Wazee waliopika mseto wa choroko na makande hawakuwa na maabara, ila chungu chao kilikuwa sahihi.

Tunafahamu kwamba mbaazi nyingi za Kusini hulimwa kwa ajili ya kuuzwa, na kwamba mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza, bei iliporomoka hapa. Hatumwambii mkulima asiuze. Tunamwomba apime kwanza za chungu chake hadi msimu ujao, kama anavyopima mbegu.

Ipo pia njia ya mbegu. Mwaka 1964 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza aina ya mahindi ambayo kwa asili yake hujenga zeini kidogo, hivyo laisini yake ni nyingi. Uboreshaji wa mahindi hayo uliwapatia Surinder Vasal na Evangelina Villegas Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000, na hapa nchini zilitolewa mbegu za jamii hiyo kwa jina la Lishe, kama Lishe-K1 na Lishe-H1. Mbegu hizo ni nzuri, ila mlaji azingatie mambo mawili. Punje zake hazitambuliki kwa macho sokoni, na sifa hiyo hupungua mahindi yanapochavushwa na mahindi ya kawaida ya shamba la jirani. Anayeuza unga kwa jina hilo aulizwe mbegu ilitoka wapi.

Unga wa lishe na mifuko

Kwa unga wa lishe wa watoto unaouzwa madukani, tazama orodha ya vilivyomo kabla ya picha ya mtoto mnene. Vilivyomo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta mahindi, mchele, uwele, ngano na mtama vikifuatana, na karanga au soya mwishoni kabisa, umenunua nafaka tano zenye upungufu ule ule. Soya iwe imekaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa, kwani soya mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zisitiwe, hata kama ni chache, kwa sababu ya sumukuvu.

Mifuko iliyobeba salfa, urea au SA ni imara, na huonekana ikitumika tena kuhifadhia mahindi na kunde. Isitumike kwa chakula, hata ikifuliwa. Magunia ya chakula yanunuliwe mapya au yawe yale yaliyobeba chakula tangu mwanzo, na mifuko ya pembejeo itobolewe siku ile ile inapomalizika ili asiwepo wa kuiazima.